Mbao Nilizompikia Baba Mkwe

Kyela hakuna mtu anayehitaji chumba cha kutokea jasho. Hilo niliseme mapema. Jua la kwetu likichanganyika na mvuke wa ziwa, unaoga asubuhi, unajifuta, na kabla hujavaa umeshalowa tena. Kwa hiyo habari ilipotufikia kwamba kuna mfanyabiashara wa mjini anataka kujenga ufukweni Matema chumba cha mbao, watu waingie, wawashe jiko, wakae humo mpaka waive, halafu watoke wajitupe ziwani, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama mkwe wangu aliuliza kama hao watu ni wagonjwa. Nikamwambia, "Hapana mama, ni wageni."

Ilikuwa miaka ya ruksa. Aliyekuwa na duka moja alitaka la pili, na asiye na duka alitandika turubai chini akaanza kuuza. Mpakani Kasumulu, alikokuwa akibangaiza mume wangu, vitu vilikuwa vikiingia mpaka njia haitoshi: ndoo za plastiki, mabeseni, viti vyeupe vya plastiki. Mfanyabiashara mwenyewe alikuwa mtu mwenye asili ya pwani, mpole, kofia haikosi pasi hata siku moja. Alikuwa amejenga vyumba vinne vya wageni pale ufukweni. Mzungu mmoja mpima barabara alilala pale wiki mbili, akamchorea kwenye karatasi chumba cha jasho, kimesimama juu ya nguzo ndani ya maji, na njia ya mbao ya kukifikia kutoka nchi kavu. Akamwambia kwao kwenye baridi karibu kila nyumba inacho. Kisha akaongeza neno ambalo ndilo lililoniingiza mimi kwenye mambo haya: mbao za chumba hicho, na zozote zinazokaa nje zinanyeshewa, huko kwao sasa wanazipika kwanza. Zinaivishwa tanurini bila kupata hewa, haziungui, zinabadilika rangi mpaka ndani. Zikitoka hapo hazipindi na hazifanyi ukungu.

Kazi alipewa baba mkwe. Alikuwa fundi seremala, miaka sitini na kitu, na pale kwetu nusu ya milango ilikuwa imepita mikononi mwake. Lakini vile viti vyeupe vilikuwa vimeshaanza kumnyang'anya wateja, na huko Tukuyu kulikuwa na vijana wenye mashine za umeme. Kilichombakizia jina ni miguu yake. Alitembea juu ya kenchi ya paa bila kushika kitu, misumari mdomoni, kama mtu anayepita uani kwake. Watu walisimama kumtazama. Mama mkwe aliniambia kwamba mzee haogopi kufa, anaogopa kukalishwa chini. Chumba cha jasho kingesimama vizuri mbele ya wageni, angekuwa fundi kwa miaka mingine kumi. Kingemshinda, basi.

Sasa, mimi ni Mkisi wa Ikombe, mtoto wa wafinyanzi, na niliolewa kwa Wanyakyusa karibu na Lyulilo. Kwa Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Sisemi hawazoeani, hawaonani. Humtazami usoni, humwiti, huli mbele yake. Na yeye vilevile anakukwepa wewe, adabu ni ya pande mbili. Akitaka kupita uani anakohoa, mimi naingia ndani. Mimi nikitokea njiani nikamwona kwa mbali nakohoa, yeye anachepuka migombani mpaka nipite. Walokole wengi walikuwa wameshaacha mambo hayo, na baba mkwe mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, lakini kwa hili hakuwa na mchezo. Nilikaa miaka tisa kwenye boma lake ninajua kisogo chake na kikohozi chake, uso sijui.

Habari ya mbao kupikwa niliipata nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko, yeye akimsimulia mke wake. Alikuwa anacheka, lakini hakuwa na raha. "Mbao wapike! Kwani mihogo? Nikizitia motoni si zitakuwa mkaa?"

Nikajisemea, mkaa ni kwa asiyejua moto. Mimi moto naujua.

Udongo wangu aliniletea mama yangu kwa mtumbwi kutoka Ikombe, nikafinyanga na kuchoma vyungu uani, nikauza gulioni Lyulilo. Safari hiyo nilipochoma, nilichukua kipande cha paina, nikakipaka udongo unene wa chapati, nikakitia katikati ya vyungu. Kikatoka mkaa mtupu. Mama mkwe akasema angalau tutapikia chai. Nikanuna. Mara ya pili nikachimba shimo, nikalaza vipande chini, vimepakwa udongo mbichi wenye maji, nikavifunika mchanga shubiri nzima, na moto wa vyungu nikauwasha juu. Nikaviacha humo mpaka kesho yake mchana. Nilipovifukua, lo! Rangi ya chai ya rangi, kutoka nje mpaka moyoni. Vyepesi. Vinanukia kama sukari iliyoungulia sufuriani.

Nikavigonga kwa kifundo cha kidole, maana ndivyo tunavyofanya sisi. Chungu kizima kinalia. Chenye ufa kinakoroma. Vile vipande vililia kama chungu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchoma. Nikafurahi kama mjinga.

Mama mkwe akapeleka kimoja kwenye banda la useremala. Aliporudi nikamdaka mlangoni.

"Amesemaje?"

"Amekinusa. Amekigonga, nimemwambia kigongwe kama chungu kama ulivyosema. Amekinusa tena."

"Halafu?"

"Ameniuliza akili hiyo umepewa na nani. Nikamwambia akuulize mwenyewe." Akacheka sana, maana alijua haiwezekani.

Mzee hakuwa mtu wa kukurupuka. Mvua za masika zilipoanza alichomeka vipande viwili kwenye tope la shamba la mpunga, kimoja kibichi na kimoja nilichopika, akaviacha mpaka mpunga ulipovunwa. Kibichi kilitoka kimepinda na kimeota uyoga. Changu kilikuwa vilevile. Nisidanganye: tulikiweka kingine kwenye kichuguu, na mchwa walikila kama walivyokula kibichi, hawakujali mapishi yangu. Lakini juu ya maji mchwa hawafiki, na nguzo alikuwa ameshaamua ziwe za mvule. Akamwambia mfanyabiashara kwamba mbao za kupikwa zitapatikana. Hakusema zitatoka jikoni kwa nani, na mimi sikumlaumu.

Basi tukafanya kazi pamoja miezi mingi bila kuonana. Yeye aliegemeza mbao mbichi kwenye mgomba ulio karibu na jiko, akakohoa, akaenda zake. Mimi nilizichukua, nikazipika kwenye handaki refu lililochimbwa na mume wangu siku alizorudi kutoka Kasumulu, nikaziegemeza palepale. Aliweka alama kwa penseli. Mkato mmoja, umeiva. Mikato miwili, rudisha motoni. Msalaba, umeunguza. Mwanzoni misalaba ilikuwa mingi, nikawa namsema peke yangu, eti yeye anaona kazi rahisi. Kisha ikapungua. Siku moja nilikuta kwenye ubao amechora chungu kidogo, na mpini wa mwiko umetokeza. Nilikaa chini pale pale mgombani nikacheka hadi machozi. Sijawahi kusifiwa na mtu kama nilivyosifiwa siku ile.

Halafu ndiyo ikaja ile ya mferejini. Nilikuwa nimelaza ubao mmoja mrefu, uliopikwa, juu ya mfereji wa nyuma ya nyumba, tuvukie. Nikapita juu yake nina ndoo ya maji kichwani. Ubao mbichi ukielemewa unapinda, unalia kwii, unakupa nafasi ya kuruka. Huu haukusema kitu. Pa! Ukakatika kama kigae, nami nikawa ndani ya mfereji na ndoo juu yangu.

Nikachukua vipande vinne, viwili vibichi na viwili vya kupikwa, unene uleule, nikaviweka juu ya mawe na kuvisimamia kimoja kimoja. Vibichi vilibonyea vikanibeba. Vya kupikwa vilikatika vyote. Ndipo nikaelewa kwamba moto ulioutoa ukungu kwenye mbao umetoa na ile nguvu ya kuvumilia. Na kwamba mlio hauna maana yoyote. Chungu hakibebi mtu. Mlio wake unakuambia hakina ufa, basi. Mimi ndiye niliyefundisha watu kugonga mbao kama vyungu.

Nikamshika mama mkwe mkono. "Mama, mwambie baba leo hii. Mbao za kupikwa ni za ukuta na za kukalia, na za sakafu zikiwekwa juu ya mihimili iliyokaribiana. Zisibebe. Mihimili iwe mbichi. Niambie umesikia."

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Lakini njiani, kutoka jikoni mpaka bandani, hatua kama hamsini hivi, aliona haya. Amwambie vipi fundi wa miaka yote hiyo kwamba mkwe wake, mwanamke, anamfundisha mhimili? Kwa hiyo akamwambia, "Mkweo anasema mbao uziangalie vizuri kabla ya kuziweka." Mzee akashukuru, "Ndaga, amesema vyema." Hayo niliyajua baadaye. Na akaziangalia kweli. Alizigonga zote, moja moja, akachagua zile zilizolia vizuri kuliko zote, akazitenga. Hizo ndizo alizofanya mihimili. Kwa kuniheshimu mimi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio. Mama mkwe, aliyezoea kupeleka mbao ufukweni, alikuwa Lyulilo anauza ndizi. Vijana waliomsaidia mzee kazi nao walikuwa huko huko. Zilibaki mbao za mwisho za kukalia, nikaona kwa nini zilale, nikajitwisha na kushika njia ya ufukweni. Mpango wangu ulikuwa kuziweka kwenye matete na kurudi kabla mtu hajaniona.

Nikafika kwenye matete. Njia ya mbao ilikuwa imeshaingia majini hatua kama ishirini, bado haijatandikwa mbao za juu upande wa mbele, mihimili iko wazi. Ilikuwa ya rangi ya chai.

Nikaangalia tena, labda ni kivuli. Hakikuwa kivuli. Na baba mkwe alikuwa juu yake, amenipa mgongo, mbao begani, anatembea taratibu kwa miguu yake ile ya kutazamwa na watu. Pale alipokuwa, nguzo zilikaribiana. Angebaki hapo angekuwa salama. Mbele kidogo, kuelekea chumba kitakapokuwa, nguzo zilikuwa zimeachana sana.

Nilitakiwa kusema neno moja tu. Baba. Mtoto wa mwaka mmoja analisema. Nilifungua mdomo, na miaka tisa yote ikanitangulia. Nikakohoa.

Alisikia. Hakugeuka, maana mtu mwenye adabu hageuki. Alijua mkwe yuko nyuma yake na yeye, juu ya maji, hana pa kuchepukia, kwa hiyo akafanya alichoweza: akageuzia uso ziwani na kuharakisha kwenda mbele, anipishe.

Pa.

Sikumbuki nilivyotupa zile mbao. Nakumbuka maji yananifika kiunoni, na mawe ya chini yanateleza, na mguu wake umeelekea kusiko. Alikuwa amefumba macho. Nilidhani amezimia. Hakuzimia, alikuwa ananiheshimu. Nilimpitishia mikono kwapani nikamvuta mpaka mchangani, nikaita watu, hakuna mtu, nikampakia mgongoni kama gunia la mpunga nikaanza kutembea kuelekea hospitali ya misheni. Si mbali, lakini siku hiyo ilikuwa mbali.

"Nilikusikia ukikohoa," akasema nyuma ya shingo yangu, anahema. "Nikaona nikupishe."

Jamani. Nilimfokea. Mimi, mkwe, nilimfokea baba mkwe wangu ufukwe mzima. Nilimwambia ananipisha niende wapi, ndani ya ziwa? Nilimwambia mihimili gani ile, nani kamwambia aiweke? Nililia huku nafoka, kamasi zinatiririka, na yeye macho kayafumba, ananigusa begani tu kwa vidole viwili kila nilipoteleza. Wauza samaki wawili walitokea mbele, wakampokea. Nilikaa chini nikashindwa kuinuka.

Ulikuwa ni mfupa wa paja, karibu na nyonga. Walimlaza mguu umefungiwa uzito, wiki kwa wiki. Daktari, kijana wa Bukoba aliyepangiwa kazi kwetu, alitueleza bila kuzunguka: atatembea, kwa fimbo, mguu utakuwa mfupi na nyonga haitakunja sawasawa. Mama mkwe akauliza kama ataweza kupanda juu ya nyumba. Daktari akatikisa kichwa.

Jioni ile mama mkwe aliniambia alivyoupunguza ujumbe wangu. Nilimchukia. Sitaki kupaka mafuta: kwa siku kadhaa nilimchukia kiasi cha kushindwa kula chakula alichopika. Alikuwa amekonda, akikaa mahali anasahau kuinuka, na mimi nilipita bila kumsalimia. Baadaye nikajiuliza mimi nilikuwa na tofauti gani naye. Yeye alikuwa na maneno mengi akayapunguza, mimi nilikuwa na neno moja likanishinda. Nikaenda kukaa naye.

Wazee wa ukoo nao walikaa kikao chao, kwa kuwa nilikuwa nimemgusa na kumbeba. Walisema mengi, wengine kwa kunihurumia, wengine hapana. Uamuzi ulikuwa kwamba lile lilikuwa la dharura, limepita, na kila kitu kiendelee kama zamani. Yaani nisionekane. Mfanyabiashara alikuja na sukari na khanga ya mama mkwe, akasalimia kwa heshima, akasema kazi itamsubiri fundi mpaka mwisho wa mwezi unaofuata, baada ya hapo itambidi alete mafundi wa Mbeya.

Wakamrudisha nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa karibu na dirisha linaloangalia uani kwangu, kwa sababu ndicho chumba chenye hewa. Mimi nikahamishia kazi zangu nyuma ya jiko nisimsumbue.

Siku moja asubuhi mama mkwe alikuwa shambani. Nilipita chini ya dirisha, nimeinama, nikiwa nakimbilia kuanua vyungu.

"Mwanangu," akasema. "Usiondoke."

Nikasimama kama nimepigwa msumari.

"Mama yenu ameniambia yote jana. Ule ubao wa mferejini, ulikatikaje?"

Sikujua nianzie wapi. Nikaanza na ndoo kichwani. Nikamweleza jinsi usivyopinda, usivyolia. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema hawezi kuona, basi nimsikilizishe. Nikaenda kuchukua vipande, nikaviweka juu ya mdomo wa kinu pale nje ya dirisha. Nikasimama kwanza kwenye kibichi. Kwii, kikalia, kikabonyea. Nikasimama kwenye cha kupikwa. Pa. Akasema, "Tena." Nikavunja kingine. "Tena." Nilivunja vitano.

"Kwa hiyo mihimili mvule, mbichi," akasema, "na nguzo ziongezwe katikati. Zako ziende juu na kwenye kuta."

"Ndivyo nilivyosema, baba."

Lilitoka lenyewe, neno lile. Nililisikia likishatoka.

"Vijana watapanda," akasema. "Wewe utasimama chini uwaambie. Hakuna mwingine anayezijua."

"Mimi ni mfinyanzi tu, baba."

"Na mimi ni nini sasa?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Kisha akasema, "Ukiona jambo baya kwenye kazi, usimtume mtu. Uniambie mimi."

Nikasema ndiyo. Ndani nikasikia kitanda kinalia. Alikuwa anajaribu kuukokota ule mguu ili akae. Akashindwa, akapumua, akajaribu tena, na safari hii akaguna kwa maumivu, akiwa anajizuia nisisikie. Nyumba nzima hapakuwa na mtu mwingine.

Nikaweka ubao chini, nikaingia.